Shule Niliyoichora Kutoka Juu

Picha iliingia kwenye simu yangu siku ileile niliyochukua kitambulisho. Nilikuwa natoka ofisi ya usajili na kadi mkononi, bado naitazama sura yangu mle ndani nikijiuliza kwa nini serikali haimpi mtu nafasi ya kutabasamu, simu ikalia. Ilikuwa picha ya ukuta. Ukutani kuna fremu, na ndani ya fremu kuna mchoro wa shule iliyochorwa kutoka juu, kama mtu anayeichungulia kutoka kwenye paa la nyumba ya jirani: uwanja, kivuli cha mabati, mistari ya wasichana walio wadogo kama punje za mtama. Chini yake kuna maandishi marefu ya Kiarabu, historia ya shule hiyo tangu ilipoanza. Mkono uliochora punje zile niliujua mara moja, maana ulikuwa wangu.

Aliyeituma ni Rim, binti wa nyumba alimokuwa akifanya kazi mama yangu, Riyadh. Hatukuwa tumesemezana miaka mingi. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile, watu wakinipita na kunikanyaga kanyaga, na nikasahau nilikuwa naelekea wapi.

Nyinyi wa rika langu mnaukumbuka mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi. Kila nikikaa na wenzangu hapa Kwale huanza kulalamika: tulipoteza mwaka mzima, tulisahau hata kugawanya, tulikuwa tunachunga mbuzi tu. Mwaka ambao dunia nzima ilipoteza shule, ndipo mimi nilipoipata.

Nilizaliwa Jeddah, katika vyumba vya Karantina, mtaa wa wageni wasio na karatasi, na baba alirudishwa Kenya kabla sijajua kutembea. Mama akapata kazi ya ndani Riyadh kwa madam aliyekubali kumchukua na mtoto wake, jambo ambalo si wengi hulikubali, na kwa hisani hiyo tukawa watu wa kushukuru asubuhi na jioni. Mama alikuwa na ikama, ile kadi ya mgeni anayeruhusiwa kuishi na kufanya kazi. Mimi sikuwa na karatasi hata moja. Shule ya serikali ilikuwa mitaa miwili kutoka kwetu, bure kwa wanaostahili, na ilikuwa mbali nami kama mwezi.

Mama anaitwa Mejumaa. Madam alijaribu jina hilo siku ya kwanza, likamkwama, akasema, "Halas, basi, wewe ni Maryam." Basi akawa Maryam, na mimi nikawa bint Maryam. Nilipokuwa na miaka sita nilimuuliza mama kwa nini amekubali.

"Kazi ya huku huja na jina lake, mwanangu," aliniambia huku akikunja shuka. "Unalivaa kama eproni. Ukimaliza kazi unalivua."

Nikaelewa hivyo: kila kazi na jina lake. Mnisamehe, nilikuwa mtoto, na mtoto akishaambiwa jambo na mama yake huliweka akiba.

Chumba chetu kilikuwa juu ya paa, pamoja na matangi ya maji na kamba za nguo. Kilikuwa na kitanda kimoja, kiyoyozi kilichokohoa, na ukuta mmoja ambao rangi yake nyeupe ilikuwa ikibanduka. Chini ya nyeupe kulikuwa na kijani kibichi, eneo pana kama mlango uliolazwa ubavu. Mama aliona ni uchafu, akatundika leso juu yake. Kutoka mlangoni niliuona uwanja wa shule wote. Kila asubuhi nilikuwa nikisimama pale na vibanio vya nguo mdomoni, nikiwatazama wasichana wakijipanga. Niliwajua kwa mikoba yao. Kulikuwa na mmoja aliyechelewa kila siku, nikawa namwonea wasiwasi kana kwamba ni dada yangu.

Kusoma nilifundishwa na Rim mwenyewe. Nilimzidi miaka miwili, lakini tulipocheza shule yeye ndiye alikuwa mwalimu siku zote, na hakuwa mwalimu wa mchezo. Nikikosea herufi alinichapa kwa rula. Vitabu vyake vya mwaka uliopita vilikuwa vyangu, na nilivisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa.

Basi shule zikafungwa, na masomo yakahamia kwenye tableti. Darasa la Rim lilianza alasiri, wakati nyumba nzima imeshiba wali na nyama na imelala. Kamera zilizimwa, kwa kuwa hakuna mtu Riyadh anayetaka watu wa nje waone wanawake wa nyumbani kwake. Zilibaki sauti na majina tu. Madam akanipa kazi: kaa karibu na Rim, mwalimu akimwita, mwamshe.

Siku ya tatu nilimtikisa, hakuamka. Mwalimu, Abla Hind, akamwita tena. Abla ndivyo wasichana wa kule wanavyomwita mwalimu wao wa kike. Alikuwa na sauti nzito kidogo, na nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia daima. "Rim? Rim yupo?" Nilibonyeza kile kitufe cha maikrofoni bila kufikiri.

"Nipo, Abla."

"Umoja wa neno hili ni upi?"

Nikasema. Akasema, "Ahsante, Rim." Moyo ulinidunda hadi nikadhani utamwamsha mwenye jina.

Rim alipoambiwa alifurahi kuliko mtu aliyepewa zawadi. "Basi endelea wewe," alisema, akageukia ukuta. "Unajua kuliko mimi." Na madam alipogundua, baada ya wiki moja hivi, alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akanisikiliza nikisoma shairi zima. Kisha akacheka. "Yalla, vizuri sana! Wewe ndiye Rim wa shule. Huyu wangu ni Rim wa kulala."

Alikuwa anatania. Mimi nilisikia amri. Mama alipewa Maryam akapata kazi ya jikoni. Mimi nimepewa Rim nimepata kazi ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, umri wa mtu mwenye akili, na siwezi kujitetea kwamba sikuwa na jinsi ya kujua. Ila nilitaka iwe hivyo. Mwenye njaa haulizi sahani ni ya nani. Tangu siku hiyo nilikuwa nanawa uso kabla ya kipindi, navaa nguo safi, nakaa wima mbele ya tableti isiyoniona. Nilikuwa na rafiki mle darasani, sauti iitwayo Lulua, tukinong'onezana majibu. Nilipata alama nzuri. Nilisifiwa kwa jina langu la shule.

Mama alikuwa akipita na ndoo, akiniona. Siku moja aliniambia, "Usizoee kiti cha watu." Nilidhani anaogopa nisije nikakivunja.

Mwaka wa pili, Abla Hind alitupa kazi ya kuandika historia ya shule yetu na kitongoji chake. Tusinakili mtandaoni, alisema, tuwaulize wazee. Nikamwendea Jadda, bibi yake Rim, mama wa bosi mume wa madam, aliyekaa chumba cha chini. Jadda alikuwa na goti bovu na kumbukumbu nzima, na hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu zaidi ya kama ameshameza dawa.

"Shule?" alisema. "Shule ilikuwa hapa."

"Hapa mtaani, Jadda?"

"Hapa, ndani ya nyumba hii. Unafikiri serikali ilikuja na majengo? Hapa palikuwa mchanga na nyumba za kuhesabu. Ilikodi nyumba hii kwa mume wangu, sisi tukahamia ile ya nyuma." Akaanza kunionyesha kwa fimbo yake. Jikoni palikuwa darasa la pili. Bomba lilivuja, kwa hiyo wasichana wote walikaa upande mmoja. Chumba ambacho bosi anaweka viatu vyake kilikuwa ofisi ya mwalimu mkuu. Bafuni zilihifadhiwa ramani. Akina baba wengine waligoma kuwaleta mabinti zao, hadi akapatikana mlinzi mzee aliyekubali kukaa langoni akiwa amewapa mgongo, asiwatazame watoto wa watu. Alikaa hivyo miaka, alisema Jadda, na alikuwa akiwajua wasichana wote kwa mwendo wa viatu vyao.

"Wakazidi," alisema. "Darasa la kwanza tukalipandisha juu."

"Juu wapi?"

"Juu, kwenye chumba chenu. Ubao waliupaka ukutani, rangi ya kijani. Mimi mwenyewe niliwapelekea kahawa mafundi."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Nikaivuta leso ya mama, nikachukua kijiko, nikakwangua. Nyeupe ilitoka vipande vipande, na ubao ukajitokeza, na juu yake mistari iliyokwaruzwa kwa msumari, ile ya kumfunzia mtoto mwandiko, iliyonyooka mpaka nyuma ya kitanda. Mama akaingia na kapu la nguo. Nilidhani atanigombeza kwa uchafu. Nikamweleza. Aliliweka kapu chini, akakaa kitandani, na sijawahi kumwona mtu akitazama ukuta namna ile, mdomo wazi, kama aliyepigwa kofi na mtu anayemheshimu.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita nimelala darasani, na mwanangu hana shule."

"Lakini mimi ninayo shule, Mama."

Akachukua nguo, akatoka kwenda kuzianika.

Nikaandika yote, hata bomba, hata mgongo wa mlinzi. Nikachora shule ya sasa kama nilivyoijua, kutoka juu, na pembeni nikachora chumba chetu na ubao wake. Kwenye kona ya chini nikaandika: Rim, darasa la sita. Nilipomaliza kusoma kazi ile darasani nilimsikia Abla Hind akimpeleka mtoto wake mbali na maikrofoni. Kisha akauliza, "Rim, wewe umeuona ubao huo kwa macho yako?"

"Kila siku, Abla. Uko karibu na kitanda changu."

Alisema tukirudi shuleni niuchukue mchoro wenyewe niende nao, utatiwa kwenye fremu, utundikwe pale watu wanapoingilia. Tukirudi shuleni. Nililala na maneno hayo kama mtoto alalavyo na sikukuu.

Kurudi kulitangazwa mwezi wa baridi. Madam alimnunulia Rim mariyul mpya, lile gauni la shule lisilo na mikono linalovaliwa juu ya shati. Nilingoja langu. Halikuja, nikajiambia la kwangu litakuwa bado liko kwa fundi, na asubuhi ya siku yenyewe nikavaa la Rim la zamani, lililonibana kwapani. Nikasuka nywele. Nikabeba begi lenye mchoro. Mama, aliyetumwa kumsindikiza Rim, aliponiona alisita.

"Unakwenda wapi hivyo?"

"Shule."

Alidhani nasema namsindikiza Rim pamoja naye. Akanifunga barakoa, akanivuta kola ikakaa sawa, tukatoka. Nimefikiri mara nyingi kuhusu mkono wake kwenye kola ile.

Ndani ya lango walisimama walimu, nyuso nusu zimefunikwa, wakipima joto na kuita majina kutoka kwenye orodha. Nilikuwa ndani ya mchoro wangu. Kivuli cha mabati kilikuwa kikubwa kuliko nilivyofikiri, na punje zangu za mtama zilikuwa wasichana wenye kelele. Kisha nikaisikia ile sauti nzito.

"Rim!"

"Nipo, Abla!"

Nilisema mimi. Rim alikuwa bado anapiga miayo. Sote wawili tulipiga hatua mbele, na Abla Hind, mwanamke mfupi kuliko sauti yake, akainua macho kutoka kwenye orodha. Akamtazama Rim, akanitazama mimi, mariyul lililonibana, uso wangu mweusi juu ya barakoa. Alitabasamu kwanza, mnaelewa? Aliitambua sauti, akatabasamu. Halafu nikaliona tabasamu likiondoka machoni mwake, polepole, hadi likaisha.

"Rim ni nani kati yenu?"

"Mimi," alisema Rim, kwa sauti ambayo mwalimu wake hakuwa ameisikia hata siku moja.

Abla Hind akamuuliza kwa upole, "Ubao ulio chumbani kwako ni wa rangi gani?"

"Ubao gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa kidogo kidogo. Nilielewa yote kwa mpigo. Hapakuwa na Rim wa shule. Palikuwa na Rim mmoja, amesimama pale anapiga miayo, na alama zote zilikuwa zake, na sifa zote, na Lulua alikuwa rafiki yake. Miaka miwili nilikuwa nimejenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu.

Abla Hind alinigeukia. "Na wewe, binti? Wewe ni nani?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, Mungu ni shahidi. Jina langu lilikuwa kwenye ulimi, lile la kuzaliwa. Nikahisi vidole vya mama vikinishika shingo kwa nyuma, vya baridi, na akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayenikumbusha kufunga kamba za viatu:

"Mwanangu, nyamaza. Ukijitaja watamfutia Rim miaka miwili, na madam atatutoa leo hii. Mimi nina karatasi. Wewe huna. Watatutenganisha."

Sijui kama mmewahi kuombwa mjifute wenyewe na mtu anayewapenda kuliko wote. Nilimtazama mwalimu wangu, nikasema, "Mimi si mtu, Abla. Nimeleta begi tu."

Hata kwa kusema hivyo nilikuwa nimejitaja, kwa kuwa sauti ilikuwa ileile. Abla Hind alilipokea begi kutoka mikononi mwangu kwa mikono miwili. Macho yalimjaa maji juu ya barakoa. Alisema, "Ahsante," kwa sauti ileile aliyokuwa akiniambia "Ahsante, Rim," ila safari hii hakuweka jina. Akamshika Rim bega, wakaingia. Hakushtaki kwa mtu yeyote, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema au woga. Nadhani ulikuwa vyote viwili.

Madam alipohadithiwa na Rim hakukasirika. Alicheka mpaka akashika ubavu, akawahadithia wageni wake, nao wakacheka. Lile mariyul la zamani aliniambia nilikate vitambaa vya kufutia vumbi. Nililikata. Mama alisimama kando yangu akiushikilia mkasi upande wa pili pale kitambaa kilipokuwa kigumu. Miezi michache baadaye aliomba kurudi nyumbani, tukahangaikia karatasi yangu ya kusafiria hadi ikapatikana. Hapa Kwale mwalimu mkuu aliniuliza nimesoma hadi darasa la ngapi. Nikamwambia sijasoma.

Ndiyo maana juzi nilikaa kwenye ngazi zile na kadi mkononi, nikiikuza ile picha kwa vidole viwili. Nilikuwa nalitafuta jina la Rim kwenye kona ya chini, nilione, liniume, nimalize. Halikuwapo. Mahali pake pamekatwa kwa mkasi, mraba mdogo, safi, na nyuma yake unaonekana ubao mtupu wa fremu. Miaka yote hiyo kazi yangu imetundikwa pale kila mtu anapoingilia, na Abla Hind hakuiacha iwe na jina la mtu mwingine. Langu hakulijua. Akaacha nafasi.

Chini ya picha Rim alikuwa ameandika. Alikuja kuitembelea shule, wanaipaka rangi upya, fremu imeshushwa, na mwalimu mkuu mpya anauliza ni kazi ya nani. Anataka kumwambia ukweli, sasa si mtoto tena. Anaomba radhi. Kisha mstari wa mwisho: "Lakini nimekaa nikagundua kitu, nikaona aibu. Jina lako hasa ni nani?"

Nilisoma mstari ule mara tatu. Tulikula sufuria moja karibu miaka saba. Alinichapa kwa rula nikikosea herufi. Nilimjibia jina lake miaka miwili, na yeye langu hakuwahi kulijua.

Nikaja nyumbani nikiwa nimevimba kwa hasira na furaha, sijui kipi kimezidi. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamsomea ujumbe wote, nikamwonyesha ule mraba uliokatwa. Nikamwambia ninacho kitambulisho, nitakipiga picha nimtumie Rim, alione jina langu lilivyoandikwa na serikali, alinakili herufi kwa herufi.

Mama alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani.

"Mtumie," alisema. "Lakini muulize kwanza mimi naitwa nani."